Hadithi Niliyoizusha kwa Kiingereza

Vijana wangu mnaoingia katika kazi ya kutembeza wageni, mimi ni mzee wenu Masalu. Kazi hiyo niliifanya hapa Mwanza miaka ishirini na ushee, nikaiacha magoti yalipokataa kupanda mawe. Wengine mmenisikia kwa sifa, na nusu ya sifa hizo nilizitunga mwenyewe. Mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nitaandika, ila mjue kuna jambo moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka mikono inatoka jasho. Mkiona nazunguka na vichekesho, mnivumilie. Ni woga tu, nalisogelea taratibu.

Sikuzaliwa ziwani. Kwetu ni Magu, ndani huko, kwenye pamba, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Soko lilipofunguliwa miaka ya tisini, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, sisi tukapewa barua za shukrani na mkono wa kwaheri. Nikaja mjini na Kiingereza changu cha sekondari. Nikasikia kwamba kuna mama wa Kihindi anatafuta mtu wa kutembeza wageni.

Mama Nasim alikuwa mjane. Ukoo wake ulikaa Mwanza tangu enzi za babu zake, wakiuza vitambaa. Mitumba ilipoingia kwa wingi, duka likafa, naye akageuza ghorofa ya juu kuwa vyumba vya wageni. Akanikalisha mezani, akanimiminia chai ya maziwa, akaniuliza kama naogopa maji. Nikamwambia mimi ni mtu wa ziwa. Safari ya kwanza ya kisiwani Saanane nilitapika njia nzima huku nimekumbatia mfuko wa machungwa ya wageni, na yeye alipoambiwa, kesho yake aliniwekea tangawizi mfukoni.

Mama huyo ndiye mwalimu wangu. Mengi mnayoyaita ufundi wa kazi niliyapata kwake. Alinifundisha kuanza matembezi bandarini asubuhi meli inapofika, kwa sababu mji huu unajieleza wenyewe pale: magunia ya kahawa, mikungu ya ndizi kutoka Bukoba, mabehewa ya treni yanayongoja, makuli wanaoimba. Kisha unapanda polepole hadi kwenye jengo la Wajerumani juu ya kilima, na unashukia mitaa ya maduka ya Kihindi, ambako mgeni anatakiwa ainue macho, maana miaka ya kujengwa imeandikwa juu ya vibaraza. Mgeni mzee umpe upande wa kivuli. Usimruhusu aogelee hata akikulilia, kichocho hakijui kama mtu amelipa nauli ya ndege. Ukiona wingu jeusi linatoka ziwani na halina mvua, ni wale wadudu wadogo wa ziwani, mwambie afunge mdomo kwanza, maelezo baadaye. Na magugu maji yalipoanza kulifunika ziwa miaka ile, tulijifunza kuuliza upepo kabla ya kuuliza nahodha, kwa sababu ghuba uliyoiingia asubuhi ikiwa wazi ungeweza kuikuta saa nane imezibwa kabisa.

Alinifundisha pia kuhesabu vichwa. Hilo nililijifunza kwa aibu. Niliwapeleka wageni sita Saanane, wakati wa kurudi nikahesabu sita, tukaondoka. Tumefika katikati ya maji ndipo mama mmoja akauliza mume wake yuko wapi. Nilikuwa nimejihesabu na mimi. Tulimkuta mzee wa watu amekaa juu ya jiwe na pimbi wawili, anakula biskuti, wala hana habari. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu mara mbili, mara ya pili nikihesabu kofia.

Sasa, wageni wagumu kuliko wote walikuwa wale waliotokea pwani. Walikuwa wameshaona Zanzibar, Bagamoyo na magofu ya Kilwa. Wakifika kwetu wanauliza mji una miaka mingapi, ukiwatajia wanatikisa vichwa kwa huruma. Wanauliza msikiti wa kale uko wapi, ngome iko wapi, sultani wenu alikuwa nani. Nikamlalamikia Mama Nasim. Akaniambia, "Masalu, kitu usichokijua waambie hukijui. Watakunywa chai, watasahau." Niliona anasema hivyo kwa sababu yeye habaki nao juani wanapopiga miayo.

Upande wa Magu, ukiacha barabara kuu ya Musoma na kushuka kuelekea ziwani, kuna kijiji ambacho jina lake sitaliandika, mtaelewa kwa nini. Pana mawe makubwa yamepandana kama mafiga, na moja kati yake limepasuka katikati, mtu mwembamba anaweza kupenya. Wenyeji waliliita jiwe la kuanikia, kwa sababu juu yake walianika dagaa. Basi, hakuna zaidi. Chini ya jiwe hilo aliishi Bibi Kabula, mjane asiye na mtoto, ambaye kazi yake ilikuwa kubanika sangara wadogo waliokataliwa na magari ya viwanda vya samaki. Kichanja chake kilifuka moshi kuanzia alfajiri. Nilikuwa nikipita pale nanunua samaki wawili wa kupeleka nyumbani, naye ananiongezea mmoja, ananiita ng'wanawane, yaani mwanangu.

Siku moja nilikuwa na wageni wanne waliotoka Kilwa. Tumefika kwenye jiwe, mmoja akapiga miayo, akauliza kwa Kiingereza kama hapa kuna historia yoyote. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, na ule mwayo uliniudhi. Nikafungua mdomo. Nikasema kwamba zamani za Wajerumani askari waliwakimbiza watu wa kijiji hiki hadi ufukweni, jiwe likafunguka, likawameza wote salama, likajifunga. Mwanamke mmoja alibaki nje kulinda. Tangu hapo wanawake wa ukoo wake hawalali, kwa sababu mlinzi akilala, jiwe litafunguka. Nikawaonyesha Bibi Kabula kwa kidole. Nikasema, mtazameni macho.

Macho yake yalikuwa mekundu. Ni macho ya mtu aliyepuliza moto miaka arobaini.

Wageni waliacha kupiga miayo. Walimpiga picha, na bibi wa watu akajipangusa uso kwa khanga, akasimama vizuri, akatabasamu. Jioni ile kwa Mama Nasim walinisifu mbele ya wenzao. Nikairudia hadithi hiyo kwa kundi lililofuata na lililofuata, kila mara naichonga kidogo, hapa naongeza ngoma inayosikika chini ya ardhi, pale napunguza askari. Kwa msimu mzima na zaidi ndiyo ilikuwa kilele cha matembezi yangu.

Wanangu, sikuwa mgeni nchini kwetu. Nilizaliwa Usukumani, nilijua vizuri kuliko Mzungu yeyote kwamba miaka ile kikongwe kuambiwa ana macho mekundu ilikuwa sawa na kuhukumiwa kuwa mchawi. Nilikuwa na shangazi aliyehama kijiji kwa sababu hiyo. Kwa Kisukuma maneno yale yasingetoka kinywani mwangu hata ungenipiga. Kwa Kiswahili pia yasingetoka. Lakini kwa Kiingereza yalitoka mepesi, kana kwamba si mimi niliyeyasema na si yeye aliyesemwa. Nilikichukulia Kiingereza kama kabati lenye kufuli, kwamba ninachokiweka humo hakitoki. Na bibi alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu.

Kabati lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa kwa Deo, dereva wetu. Deo aliwahi kuwaendesha mapadre wa Kizungu miaka minane, alielewa kila neno, ila mimi sikuwahi kumuuliza. Hakuwa mtu mbaya. Aliisimulia hadithi ile kwenye kibanda cha chai pale Igoma, kwa kunicheka mimi na uongo wangu, watu wakacheka naye. Waliocheka wakaenda nayo, na kadiri ilivyokwenda kicheko kikabaki nyuma.

Mimi niliipata tena Igoma hiyohiyo. Tulikuwa tunaziba pancha. Fundi, huku ameinamia tairi, akaniuliza kama bado napeleka watu kule kwenye jiwe. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia niwe mwangalifu, kuna bikizee kule halali usiku wala mchana, ana watu wamefungiwa ndani ya jiwe, na tangu masika watoto wawili wamekufa kwa homa na mitumbwi mitatu imepotelewa na nyavu. Nyavu zilikuwa zimebebwa na magugu maji, kila mtu ziwani alikuwa anapoteza nyavu. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaishia kumshikia tairi. Ilikuwa ni kauli yangu mwenyewe imenirudia kwa Kiswahili safi, na aliyeisema alikuwa anaamini. Niliogopa pale gereji, saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wanapita na mikate.

Nilimwomba Deo tupitie kijijini siku ileile. Nilimkuta Bibi Kabula anapindua samaki. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za watoto. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa, imetolewa kwenye daftari la shule. Akasema ameikuta imechomekwa mlangoni asubuhi ya jana, na mwalimu wa karibu amesafiri.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Nisomee, huenda ni habari za ndugu yangu wa Geita."

Barua haikuwa na jina la mwandishi. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema: wewe usiyelala, mlinzi wa jiwe, tumekujua, watoto wetu wamekwisha, tunakupa siku saba, ukikutwa usilaumu mtu. Mlinzi wa jiwe. Maneno hayo hayakuwahi kuwapo katika kijiji kile kabla sijayaleta mimi. Niliisoma mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, na bibi amesimama ananitazama na koleo la mkaa mkononi, anangoja habari za Geita.

Nilifikiria kumdanganya. Nilikuwa hodari wa kudanganya. Lakini siku mbili zilikuwa zinaelekea kwisha katika zile saba. Nikamwambia kwamba ni watu wanaomtaka ahame. Akauliza kwa nini. Nikasema wanadai halali.

Alicheka, wanangu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi nisilale? Mimi jua likizama nazima kama taa." Halafu akanitazama usoni, akaona sicheki, na kicheko chake kikaisha. Akaichukua ile karatasi, akaikunja vilevile ilivyokuwa imekunjwa, akaiweka chini ya jiwe la kichanja. Hakuniuliza nani ameanzisha maneno hayo, na mimi sikumwambia. Huo nao ni woga, wa aina nyingine.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikamwambia kila kitu, nikamwomba aite mkutano, nisimame niseme hadithi ni yangu. Alikuwa mtu mwema mwenye hofu kama mimi. Mkutano ukaitwa siku ya nne, uwanja wa ghala la pamba, watu wengi. Bibi Kabula alikaa pembeni peke yake, wanawake wenzake wamemwachia nafasi pande zote mbili.

Nilisimama nikasema kwa Kisukuma. Nikasema: naitwa Masalu, mtoto wa fulani, wa hapa hapa Magu. Hadithi ya jiwe nimeizusha mimi, kwa sababu wageni walikuwa wanachoka. Hakuna aliyemezwa. Hakuna mlinzi. Huyu bibi macho yake ni ya moshi, na ninyi mnaojua kubanika samaki mnalijua hilo. Baadhi wakaguna, mmoja wawili wakacheka, nikafikiri limekwisha.

Akasimama mzee mmoja anayeheshimika sana, mtu wa mifugo. Akaegemea fimbo yake, akasema kwa upole, "Kijana, nashangaa unajipa sifa isiyo yako. Habari ya jiwe hilo alinipa babu yangu nikiwa bado nachunga ndama."

Hakuwa anasema uongo. Nilimtazama macho, mzee yule alikuwa anakumbuka kabisa. Akataja hata jina la askari wa Kijerumani aliyefyatua bunduki ya kwanza, jina ambalo mimi sikuwahi kulitunga. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubaliana naye, na mwingine akakumbuka bibi yake alivyokuwa akiwakataza kupita pale jioni. Nilisimama katikati ya uwanja nikiwasikia wanaume na wanawake wazima wakikumbuka kitu kilichozaliwa kinywani mwangu kwa sababu ya njaa. Katika maisha yangu nimekutana na kiboko uso kwa uso, na nimepigwa na dhoruba karibu na Ukerewe, lakini sijaogopa kama siku ile. Ndipo kijana mmoja nyuma akauliza huyu bibi amenilipa nini nije kumtetea, na wengine wakageuka wakaanza kunitazama mimi.

Mwenyekiti alifunga mkutano haraka. Akanivuta nyuma ya ghala, akaniambia yeye ni mtu mmoja na polisi wako mbali, na kama naweza kumchukua mama yule nimchukue kabla ya Jumamosi.

Mama Nasim aliposikia hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alizungusha bangili zake, kisha akasema hakuna atakayenyanyua mkono mbele ya wageni wa nje, habari zingefika mbali. Tulikuwa na wageni watatu wakati ule, walimu wastaafu kutoka Uholanzi, wazee kuliko mimi nilivyo sasa. Akawaeleza ukweli wote mwenyewe, pamoja na sehemu yangu, akawaambia wana haki ya kukataa. Walikubali. Yule mama wao alivaa kofia yake, akauliza tunaondoka saa ngapi.

Tulifika Ijumaa, saa tano asubuhi, kama matembezi ya kawaida. Deo hakuzima injini. Hakunitazama njia nzima. Nilidhani Bibi Kabula atakuwa tayari, kumbe amekaa kwenye kaburi la mume wake nyuma ya nyumba, anaondoa majani moja moja. Nikamhimiza. Akasema atamaliza. Nikarudi kwenye gari, nikahesabu wageni, watatu, nikahesabu kofia, tatu, nikarudi kumhimiza. Alipomaliza kaburi akasema hawezi kumwacha mbuzi. Mbuzi akapakiwa. Mholanzi mmoja alikaa naye mapajani hadi Mwanza, na mbuzi alikula ramani yake, sehemu ya Ukerewe.

Kwenye kalvati kabla ya kufika barabara kuu walikuwa wamesimama vijana watano. Walikuwa na mapanga. Kila anayetoka shambani ana panga, kwa hiyo hukuweza kujua, na ubaya wake ulikuwa huo. Deo akapunguza mwendo kwa sababu njia ilikuwa mbovu. Mmoja alisogea, akainama, akatazama ndani ya gari. Aliwatazama Wazungu, akanitazama mimi, akamtazama bibi aliyekaa katikati ameshikwa mkono na yule mama wa Kiholanzi. Ni mtoto wa kijiji kile, alikua akila samaki wa bibi yule. Hakumwamkia. Alimtazama tu kama anayehakikisha kitu, kisha akasogea pembeni tukapita.

Tulipokanyaga lami nilimwambia bibi. Nilishindwa kulificha tena. Nikamwambia kwa Kisukuma kwamba hadithi ni yangu kama nilivyosema mkutanoni, kwamba sikusema vile ili kumtetea tu, ni kweli, nilikuwa naisema kila wiki mbele yake huku nikimnyooshea kidole, na yeye anatabasamu. Hakujibu hadi tunaingia Igoma.

"Ulikuwa unanunua samaki kwangu," akasema.

Hakuongeza kitu. Hakuwahi kuongeza kitu mpaka anakufa.

Alikaa nyumbani kwangu Mabatini miaka sita. Mke wangu alimpokea kama mkwe. Alikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara wa viwandani, mbele ya mlango, watoto wa mtaa mzima wakawa wake, na yule mbuzi akawa na ukoo mkubwa. Usiku alikuwa anakoroma kiasi kwamba watoto waliomba kuhamishwa chumba. Nami nikiwa macho nilimsikiliza akikoroma, nikawa nafikiria yule mzee na fimbo yake. Sikuacha kuogopa. Mtu akigonga mlango ghafla nilikuwa wa kwanza kusimama. Alipofariki tulimzika hapa hapa mjini, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumrudisha alale kando ya mume wake. Hilo ndilo nililomnyang'anya, na hakuna namna ya kulirudisha.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuandika. Mwaka jana mjukuu wangu, Ester, alinichukua kwa gari lake kwenda Magu kumsalimia ndugu. Tukiwa njiani akasema, babu, tupite ziwani upumzishe macho. Nilikuwa sijafika pale kwenye jiwe tangu ile Ijumaa. Tukakuta gari la wageni, na kijana mmoja wenu, nadhifu, ana kitambulisho kifuani, anawaeleza watu kama wanane. Nilikaa juu ya jiwe dogo nikasikiliza kama mzee mjinga asiyejua Kiingereza.

Anaisimulia vizuri kuliko mimi. Askari wapo, ngoma ipo. Ameongeza pia kwamba mlinzi wa zamani aliingia ndani ya jiwe akatoweka mchana kweupe, na Wazungu watatu walishuhudia. Wageni wakashusha pumzi. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye kibanda kipya chini ya mawe. Palikuwa na mama mzee, mwingine kabisa, anabanika samaki. Akasema huyo ndiye aliyerithi ulinzi. Akawaambia watazame macho yake.

Yule mama aliona simu zimeinuliwa, akajitengeneza kilemba, akatabasamu.

Miguu yangu haina nguvu siku hizi, lakini nilifika kwake kabla ya Ester kunishika mkono. Nikamwamkia kwa Kisukuma. Nikamuuliza kama anajua wanasema nini kumhusu. Akasema hajui, hajasoma, anadhani wanasifia samaki. Kisha akasogeza kichwa karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mimi nimesoma niweze kumweleza, kwa sababu wiki hii watu wawili hawakumwitikia salamu kisimani.

Nikamwita yule kijana. Alikuja kwa adabu, mnafundishwa adabu vizuri. Nikamwambia hadithi yake ni nzuri sana, mimi mzee nimeipenda, ila sikuielewa vyema kwa Kiingereza. Nikamwomba anisimulie tena, sasa hivi, kwa Kiswahili, akiwa amesimama mbele ya huyu mama na akimtazama usoni.

Akacheka kidogo. Akanitazama mimi, akatazama wageni wake, akamtazama yule mama ambaye alikuwa ameshaacha samaki na kujipangusa mikono, ili asikilize vizuri. Akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona uso unavyobadilika, na nikaujua ule woga, kwa sababu niliuvaa mimi pale gereji.

"Bibi, shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu," yule mama akaitikia, akakaa vizuri, akangoja aendelee.